Mkono Juu ya Mkanda

Kila msimu wa nyanya ulipofunguliwa, kabla lori la kwanza halijashusha hata kreti moja, Khalti Beya alikuwa keshajaza bakuli lake la bati. Alilijaza rojo zito la nyanya, akamwagia juu mafuta kidogo ya zeituni lisikauke, akalifunika kwa kisahani na kuliweka kwenye kidirisha kilicho nyuma ya meza ya kuchambulia. Hapo lilikaa Julai yote na Agosti yote, na ole wake mgeni aliyelidhania kitoweo akachovya mkate. Ile ilikuwa dawa. Kiwanda kizima kilijua kwamba ukipigwa na mvuke au ukirukiwa na rojo la moto, unakimbilia kidirishani, na Khalti Beya anakupaka kwa kidole gumba huku akikusomea Fatiha na kukusuta kwa uzembe wako.

Hakuwa khalti wa mtu yeyote pale. Jina hilo la mama mdogo alipewa na wanawake wa zamu, akalipokea kama haki yake. Alikuwa mjane mfupi, mnene, mwenye ulimi uliowahi kumkimbiza mkaguzi wa afya akasahau kofia yake mezani. Wasichana waliokuja kutoka vijiji vya barabara ya Kelibia kutafuta kibarua cha msimu walifundishwa mambo mawili siku ya kwanza: usivae pete yenye kito kwenye mkanda wa nyanya, na usibishane na Khalti Beya.

Lutfi msimamizi naye alilipenda lile bakuli, ingawa kwa sababu zake. Mtu akiungua, anapakwa, anapuliziwa, anarudi kazini kabla jasho halijamkauka. Mkanda hausimami. Wakulima waliopanga malori yao hadi barabarani, na nyanya zinawalainikia juani, hawapati sababu ya kupiga honi. Zaidi ya mara moja Lutfi alisema mbele ya watu kwamba Khalti Beya peke yake anamtosha kuliko zahanati ya mjini, na Khalti Beya alijifanya hakusikia ili alirudie.

Kisha watu wa bima wakaishikia kampuni fimbo: wafanyakazi wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza, la sivyo mkataba hautiwi sahihi. Ndipo akaja Koplo Ghazi wa kikosi cha uokoaji, kijana mwenye masikio makubwa na sanamu la mpira lisilo na miguu, akapewa saa ya chakula cha mchana, chini ya banda la kreti tupu.

"Maskini," alisema Rawdha wa mashine ya kujazia makopo, akilitazama sanamu huku akimenya yai, "huyu miguu yake imeliwa na mashine gani?"

"Ya Lutfi," mtu akajibu, na wanawake wakacheka hadi chai ikawapalia.

Koplo alicheka nao. Aliwaonyesha jinsi ya kukandamiza kifua, jinsi ya kumlaza aliyezirai, jinsi ya kuzuia damu kwa kitambaa safi. Walimfuata vizuri, wengine mikate ikiwa bado mkononi, mpaka alipofika kwenye kuungua.

"Maji," alisema. "Maji yanayotiririka, baridi ya kawaida, yasiwe barafu. Dakika ishirini. Vua pete, vua bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Na hakuna kupaka kitu. Siagi, dawa ya meno, ute wa yai, nyanya, vyote hivyo hapana."

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Khalti Beya alijifuta makombo mapajani, akasimama.

"Mwanangu," alisema kwa upole ambao waliomjua waliuogopa, "wewe umeungua mara ngapi?"

"Sijaungua, mama. Nimewabeba walioungua."

"Haya. Hayo maji ya dakika ishirini tuyatoe wapi? Bomba la chooni halijatoa tone tangu juzi. Au tumtemee mate kwa zamu?"

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Koplo Ghazi alingoja kitulie, kisha akaonyesha kwa kidole ndani ya kiwanda, ambako maji ya kisima yalikuwa yakimwagika kutoka mabomba yenye matundu juu ya mkanda, yakiosha nyanya. "Na yale?"

"Yale ni ya nyanya," alisema Lutfi, aliyekuwa ameegemea nguzo.

"Siku hiyo nyanya zitangoja. Na kile kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda, nani anakibonyeza?"

"Mimi," alisema Lutfi.

"Anakibonyeza yeyote aliye karibu," alisema koplo, bila kupandisha sauti. Lutfi akakohoa na kutazama saa yake. Koplo aliendelea, sasa akimtazama Khalti Beya peke yake. "Mama, nyama iliyoungua inaendelea kuiva hata baada ya moto kuondoka. Ukiifunika kwa rojo, umeziba joto ndani. Linapika kwenda chini. Halafu hospitalini lazima rojo litolewe, na linatoka na ngozi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Khalti Beya. "Nimepaka watu hapa tangu wewe hujaota meno. Hajafa hata mmoja."

"Kweli, hajafa," ilisema sauti nyuma ya kreti.

Alikuwa Najet, mfagizi, amesimama na ufagio wake, mikono ya blauzi imefungwa vifungo hadi vifundoni katika joto lile. Aligeuka akaendelea kufagia maganda, na kicheko kilichokuwa kimeanza tena pembeni kikafa chenyewe.

Mchana huo mikono ya Khalti Beya ilichambua nyanya kama kawaida, mbovu huku, mbichi kule, lakini moyo wake ulikuwa unatokota. Kijana wa jana na sanamu lake! Na yule msichana, mwenye kovu usidhani kapoa, angali na kinyongo baada ya misimu miwili! Najet alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kujazia, mwepesi kuliko wote, hadi mvuke ulipomkamata mkono wa kulia. Khalti Beya alimpaka. Lutfi alimrudisha kazini. Siku chache baadaye mkono ulivimba ukaanza kunuka, na Khalti Beya ndiye aliyempeleka hospitali, kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo, amemkumbatia njia nzima. Huo wema hakuna aliyeukumbuka. Leo vidole vya Najet havikunjiki, na mshahara wa ufagio ni nusu ya ule wa mashine. Khalti Beya alishasema mara nyingi kisa chake: muuguzi alikuwa katili, alimkwangua mtoto wa watu kama sufuria, hospitali ndiyo iliyouharibu ule mkono.

Alikuwa amekisema kisa hicho mara nyingi kiasi kwamba hata yeye mwenyewe alikiamini. Lakini kuna sehemu hakuwahi kuisema. Pale kwenye chumba cha kufungia vidonda alikuwa amesimama upande wa kichwani, amemshika Najet mabega, na kila muuguzi alipoinua shashi, shashi ilikuwa nyekundu, naye Khalti Beya alishindwa kutambua ipi ni nyanya na ipi ni Najet. Alifumba macho. Muuguzi aliuliza nani kampaka haya madude, na Khalti Beya, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani, alinyamaza.

Jioni hiyo, kwa ukaidi, aliongeza rojo jipya kwenye bakuli.

Upepo wa kusini uliingia wiki ile ile. Ulikuja na vumbi na joto la tanuri, nyanya zikaiva zote kwa mpigo mashambani, na malori yakafungamana kuanzia getini hadi kwenye duka la mikate. Wakulima walilala chini ya magari yao wakiwa wamefunika nyuso kwa vilemba, wakiamka tu kutukana. Lutfi alitembea na simu sikioni. Mkurugenzi, aliyekuwa Tunis kwenye kiyoyozi, alimpigia kila mara kuuliza makopo mangapi.

Kabla ya adhuhuri mashine ya kujazia ilikwama. Ilikuwa na tabia hiyo. Rojo liliganda kwenye mdomo wake, na dawa yake ilikuwa kumwita fundi, na fundi alikuwa juu ya paa akihangaika na pampu. Lutfi akapiga makofi: "Rawdha! Unangoja nini, harusi?" Rawdha akachukua kijiti, akanyoosha mkono chini ya mdomo wa mashine kama walivyofanya wote, siku zote. Safari hii mashine ilizibuka kwa hasira. Rojo linalochemka lilimruka kuanzia kiganjani hadi kiwikoni.

Hakupiga kelele mwanzoni. Alikimbia. Alikimbilia alikozoea kila mtu kukimbilia, kidirishani, ameushika mkono ule kwa ule mwingine, na kelele ilimtoka alipofika tu mbele ya Khalti Beya. "Yaa ummi, mama wee! Nipake, khalti, nipake, naungua!"

Kisahani kilikuwa kimeshatupwa pembeni. Kidole gumba cha Khalti Beya kilikuwa kimeshazama ndani ya bakuli na kutoka na tonge. Ulimi wake ulikuwa umeshaanza, "Bismillahi, mzembe wewe, mara ngapi nimekwambia..." Kisha akautazama mkono aliokuwa anataka kuupaka.

Ulikuwa mwekundu wote. Rojo lilikuwa limegandana nao, linatoa moshi, na chini yake kulikuwa na wekundu mwingine, na Khalti Beya hakujua ipi ni nyanya na ipi ni Rawdha.

Katika kile kitambo kifupi alimchukia koplo mwenye masikio makubwa, akamchukia na muuguzi, akajichukia mwenyewe kupita wote wawili. Alipangusa kidole gumba kwenye aproni. Kwa mkono wa pili alilisukuma bakuli likaanguka nje ya dirisha, likalia juu ya mawe.

"Khalti!" wanawake walipiga kelele. "Khalti, vipi?"

Alimshika Rawdha bega, akamburuta hadi kwenye mkanda, na kwa kiwiko akakigonga kitufe chekundu. Mkanda ukasimama kwa mshtuko. Nyanya zikabingirika, nyingine zikaanguka chini. Ghafla kiwanda kikawa na sauti moja tu, ya maji yanayomwagika kutoka mabomba ya kuoshea. Khalti Beya alizisukuma nyanya kwa kifua chake, akaulaza mkono wa Rawdha juu ya mkanda, chini ya maji.

Rawdha alipiga yowe lililowatoa wakulima chini ya malori.

"Lia, mwanangu, lia. Pete! Nipe hicho kidole. Latifa, acha kunitolea macho, leta mkasi ukate hii blauzi hapa juu. Iliyoshika ngozi iache! Nani ana simu? Piga kikosi cha uokoaji, waambie mtu kaungua mkono mzima, waambie na jina la kiwanda, usikate mpaka wakujibu. Na aproni kavu, mfunikeni mabega, atapata baridi."

Walitii, kwa sababu kumtii ilikuwa desturi. Lakini nyuso zao zilijaa mshangao. Maji yaliliondoa rojo polepole, yakateremka mekundu chini ya mkanda, kisha ya waridi. Ngozi ilipoanza kuonekana, Latifa aligeuza uso.

Lutfi alifika anakimbia. "Nani kasimamisha mkanda?"

"Mimi."

"Khalti Beya, wewe! Wewe mtu mzima! Mpake, mpeleke kivulini, mkanda utembee."

"Hapakwi mtu."

"Matangi ya kuchemshia yako motoni! Yakiishiwa yataungua chini. Unajua tangi moja..."

"Najua. Zima moto."

"Nizime moto!" Alicheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. Simu ilikuwa inaita mkononi mwake. "Huyu hapa mkurugenzi. Nimwambie nini?"

"Mwambie mkono wa mtu uko juu ya mkanda wake."

Wakulima walikuwa wameshajaa mlangoni. Mmoja, mzee mwenye kofia ya majani, alipiga kelele kwamba nyanya zake tangu alfajiri zinageuka mchuzi, na yeye ana watoto pia. Khalti Beya alimjibu bila kugeuka kwamba aje auinue huu mkono yeye mwenyewe kama anaweza. Mzee hakuja. Alivua kofia, akabaki ameishika.

Ikawa ni kungoja tu. Hakuna lililomsumbua Khalti Beya kama huko kungoja. Dawa yake ilikuwa ya mara moja: unapaka, unasoma, mtu anakushukuru. Hii haikuwa na shukrani. Maji yalimwagika, saa ya ukutani ilijivuta, Rawdha alitetemeka mwili mzima, na kwa kila pumzi Khalti Beya alizidi kuonekana mwanamke mkatili aliyemkamata mwenzake kwa nguvu. Naye mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa na neno la kijana mmoja chini ya banda, na picha ya shashi.

"Inatosha, khalti," Rawdha alilia. "Nipake. Nakuomba. Wote uliwapaka. Najet ulimpaka. Mimi nimekukosea nini?"

Najet alikuwa amesimama hatua chache, karibu na nguzo, na ufagio wake. Khalti Beya alihisi macho yote ya kiwanda yakimngoja. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema maji kwanza, rojo baadaye, na wote wangeridhika, na bakuli lingeokotwa pale nje likarudishwa kidirishani.

"Najet nilimpaka," alisema, na sauti yake ilikwaruza, "na nikamharibu mkono. Hakuwa yule muuguzi niliyemsingizia. Ni mimi. Nilimfunika moto ndani ya mwili wake nikamwambia aseme alhamdulillahi. Wewe sikupaki, Rawdha. Nitukane utakavyo. Mkono wako hautoki hapa."

Mwanamke mmoja mzee wa mezani, aliyewahi kupakwa mara tatu, alianza kujisugua kifundo cha mkono taratibu.

Lutfi ndiye aliyezinduka kwanza. Labda aliona aibu, labda aliiogopa simu iliyokuwa imeanza kuita upya. Vyovyote, alikwenda upande wa pili wa mkanda, kwenye swichi ya kuwashia. "Nauwasha," alisema. "Mtoeni. Mwekeni kwenye ndoo, popote, mimi nauwasha."

Alikuta ufagio umekingama mbele ya swichi, na nyuma ya ufagio, Najet.

"Pisha."

"Mkanda ukitembea, bosi, utatembea na mkono wa mtu."

"Najet, nakwambia pisha! Nitawafukuza. Wewe na huyu bibi, wote, leo hii, bila barua!"

"Tufukuze," alisema Khalti Beya kutoka kule majini. "Ila ungoje tumalize."

Kicheko kifupi kilimtoka mtu, hakujulikana nani. Latifa akaenda akasimama kando ya Najet. Akafuatia yule mwanamke mzee wa mezani, anachechemea. Lutfi aliwatazama, akaitazama simu, kisha akaiweka sikioni na kuanza kusema ndiyo bwana, hapana bwana, ndiyo, wako hai bwana, huku akirudi nyuma hadi penye matangi. Wakamsikia akimwambia mtu wa matangi azime moto.

Honi ilipigwa nje, ikaitikiwa na nyingine, kisha yote kwa pamoja. Gari la wagonjwa halikuwa limesikika bado. Kutoka mjini kulikuwa na mwendo, na barabara ilikuwa imezibwa na malori yale yale.

"Khalti Beya," alisema Najet. Hakugeuka, macho yake yalikuwa kwa Lutfi. "Nimelisikia ulilosema."

"Nimelisema ulisikie."

"Misimu miwili nimekungoja uliseme. Ukinipita nikiwa na ufagio, unanisalimia, unaniuliza hali ya mama yangu. Misimu miwili!"

Yaliyopita si ndwele: maneno yalimjia Khalti Beya hadi mdomoni, yaliyokuwa yakimponya katika kila ugomvi. Aliyameza. Yalikuwa machungu kuliko alivyodhani.

"Sikusamehe," alisema Najet. "Sijui kama nitakusamehe."

"Usinisamehe. Ila usibanduke hapo."

"Sibanduki."

Machozi yalimshuka Khalti Beya, naye hakuwa na mkono wa kuyafutia. Maji ya kisima yalikuwa baridi. Vidole vyake vilishakufa ganzi, na mgongo ulikuwa unamkatika kwa kuinama. Aliusogeza mkono wa Rawdha kidogo, taratibu sana, ili maji yafike na kiwikoni.

"Bado, khalti?" aliuliza Rawdha, meno yakigongana.

Mlangoni wakulima walikuwa wamesimama kimya, na yule mzee wa kofia ya majani alikuwa anawapungia wenye malori ya nyuma warudi kinyumenyume, wafungue njia.

"Bado," alisema Khalti Beya, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.